Mchangiaji Katika Nyumba Yake

Siku moja ya mgao, mama wa kikundi cha vikapu alinishika mkono kwenye foleni akaniuliza: "Mwalimu, ile duka yetu ya kwenye intaneti iko wapi? Mtoto wangu wa Nairobi ameitafuta, anaona tu karatasi nyeupe."

Nilijua iko wapi. Haiko popote. Mradi ulikuwa umekwisha. Kijana wa shirika aliyeshika neno la siri alikuwa amehamishiwa nchi nyingine. Ujumbe wa kukumbusha malipo ya jina la tovuti ulikuwa umeingia katika barua pepe ambayo hakuna mtu anaifungua tena, na jina likafa. Picha sitini na kitu za vikapu na vitambaa vya kudariza, bei zake, na zile habari fupi ambazo wamama walinisimulia jioni nikaziandika kwa bic halafu nikazipiga kwenye kompyuta, zote zilikuwa zimekwenda. Nikamjibu: "Mama, ni matatizo ya network."

Nilimdanganya. Nimebeba uongo ule muda mrefu, na leo nautua hapa mbele yenu, wakaaji wenzangu wa Kinama, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki mkisubiri gari Gasorwe.

Ninachosema si kigumu. Tovuti tuliyojengewa ilijengwa kwa programu huria, yaani programu ambayo sheria yake inamruhusu kila mtu aitumie, aifungue aone ndani, aibadilishe na kumpa mwenzake. Katika lapoti jambo hilo liliandikwa kwa sifa: wakimbizi wamejengewa duka kwa teknolojia huria. Kweli, programu ilikuwa huru. Sisi ndio hatukuwa huru ndani yake. Ni kama mtu akupe nyumba isiyo na kodi, halafu aondoke na ufunguo, halafu aandike kwamba amekupa nyumba.

Mafunzo yalifanyika Gitega. Tulitoka Muyinga asubuhi sana, watu 12, tukapita Karuzi, tukafika tumejaa vumbi na furaha. Wiki mbili! Chumba kilikuwa na kompyuta, umeme ulikuwa wa kuaminika kuliko tulivyozoea, na mwalimu wetu, Mrundi kijana mwenye subira, alikuwa anajua kazi yake. Simlaumu. Alitufundisha WordPress, ambayo ndiyo programu ya kuandikia, na WooCommerce, ambayo unaichomeka juu yake ili tovuti iwe duka. Zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani zinasimama juu ya hiyo WordPress, kwa hiyo hatukufundishwa kitu cha pembeni. Siku ya tatu nilikuwa tayari najua kuweka bidhaa, kuandika bei, kupachika foto. Wamama wawili tuliokwenda nao, ambao hawajawahi kugusa ordinateri, siku ya tano walikuwa wanagombania panya.

Siku ya sita ndipo tulipopewa majina ya kuingilia. Hapo nawaomba msome polepole, maana hapa ndipo tulipoibiwa bila mtu yeyote kukusudia wizi.

WordPress ina ngazi za watu. Juu kabisa yuko msimamizi mkuu, anayeweza kila kitu: kuongeza watu na kuwafukuza, kuchomeka programu nyingine, kutoa nakala ya kazi yote. Chini yake yuko mhariri, ambaye anagusa maandishi ya kila mtu lakini hawezi kumleta mtu mpya. Halafu mwandishi, ambaye anaandika yake na kuyachapisha mwenyewe. Halafu, karibu na mlango, yuko mtu ambaye kwenye kioo cha Kifaransa wamemwita *Contributeur*, mchangiaji. Mchangiaji anaruhusiwa kuandika. Haruhusiwi kuchapisha alichoandika. Haruhusiwi hata kupandisha foto. Anaandika, anabonyeza, halafu anangoja mtu wa juu aje amsome na kumkubalia.

Sote 12 tuliandikwa wachangiaji.

Nilicheka kwanza. Katika Kiswahili chetu cha kambini mchangiaji ni nani? Si ndiye yule mfadhili mwenye bendera kwenye kibao? Kumbe safari hii mchangiaji ni mimi, na ninachochangia ni vikapu vya mama zangu, sura zao na maneno yao, ili yakae katika duka ambalo siwezi kufungua mlango wake. Nilimuuliza shefu wa mradi, kwa heshima: "Shefu, kwa nini tusiwe na msimamizi mmoja wa kutoka kwetu?" Akanijibu kwa upole: "Tutafanya hivyo awamu ya pili." Mnajua wote awamu ya pili inakaa mtaa gani.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita kama haipo. Mfanyakazi wa shirika anasema: nikiwapa ufunguo mkuu, mmoja atabonyeza pabaya na tovuti yote itaanguka. Pili anasema: kuna usalama wa watu, mkimbizi aliyekimbia wauaji hapaswi kuonekana uso na jina kwenye intaneti. Tatu anasema: nikiondoka, nani atalipa?

Hoja ya pili ndiyo nzito, nami naipigia magoti. Kwetu kuna watu ambao foto moja inaweza kuwatafutia kifo. Lakini mkumbuke nani aliweka zile foto. Wamama ndio waliosema "tupigeni mikono tu, tunasuka kwa mikono, si kwa uso". Aliyetaka sura, tena sura inayotabasamu, alikuwa mtu wa mawasiliano aliyekuja na kamera kubwa. Tungekuwa na ruhusa ya kufuta, zile sura zingefutwa usiku uleule. Ulinzi wa mtu hauwezi kuwa sababu ya kumnyima uwezo wa kuitoa picha yake mwenyewe.

Hoja ya kwanza inanichosha. Ndiyo, tutabonyeza pabaya. Mimi mwenyewe nimeshaangusha tovuti mara mbili kwenye kompyuta yangu. Dawa yake si kutufungia nje. WooCommerce yenyewe inaleta ngazi yake ya meneja wa duka: mtu huyo anashughulikia bidhaa, bei na oda bila kugusa mitambo ya ndani. Wamama wawili wangepewa hiyo. Mtu mmoja wa chama angekuwa msimamizi mkuu pamoja na yule wa shirika, wawili, kila mmoja na neno lake la siri. Na kila Ijumaa mtu angetoa nakala. Basi. Duka la sabuni pale sokoni lina utaratibu mkali kuliko huo.

Kuhusu nakala nina kidonda, mniruhusu nikae hapo kidogo. Siku za mwisho za mradi tulisikia minong'ono kwamba tovuti itafungwa. Nikaomba nakala. Nikapewa faili moja kwenye flashi, na nikashukuru sana. Nilipoifungua nyumbani nikakuta maandishi tu. Ile faili ambayo WordPress inaitoa ukibonyeza kitufe cha kuhamisha haibebi picha ndani yake. Inabeba anwani za mahali picha zilipo. Tovuti ikifa, anwani zinakuonyesha shimo. Picha zinakaa katika folda yake kwenye hosti, na lazima mtu mwenye ruhusa aingie aichukue folda yenyewe, halafu achukue na ile hifadhidata yenye maandishi, bei na oda. Orodha ya bidhaa nayo ina kitufe chake cha pembeni, inatoka kama jedwali unaloweza kulifungua hata kwa programu ya hesabu. Sikujua. Aliyenipa faili huenda naye hakujua. Lakini anayejua aliwahi kuwepo, na alilipwa, na aliondoka. Kwa hiyo nina habari za vikapu bila vikapu: "Huu mtindo bibi yangu aliusuka Fizi kabla ya vita," halafu chini yake mstatili mtupu.

Mtu ataniambia: achana na hayo, fungueni ukurasa wa Facebook, fanyeni kundi la WhatsApp, ni bure na kila mtu anajua. Nakubali nusu, tena nusu kubwa. Kusema ukweli, kwa miezi ile yote duka letu la intaneti liliuza vikapu vichache, na WhatsApp ya mama mmoja mwenye shemeji Bujumbura iliuza vingi zaidi. Sitapamba. Lakini simu ya mama huyo iliibwa, namba ikapotea, na wateja wake wote wakapotea nayo. Ukurasa ule ni nyumba ya kupanga kwa mwenye nyumba usiyemwona, ambaye siku akiamka vibaya hana hata barua ya kukupa. Tovuti ya programu huria unaweza kuizoa yote, kuta na paa, ukaihamishia kwa muuza hosti mwingine. Faida yake ndiyo hiyo, na ndiyo tuliyonyimwa. WhatsApp iwe mlango wa wateja. Daftari la kazi yetu likae mahali ambapo ni petu.

Na kuuza mbali si ndoto ya mchana. UNHCR ina mpango wake wa MADE51, tangu 2018, wa kupeleka kazi za mikono za wakimbizi kwenye masoko ya dunia. Ile 51 ni mwaka wa Mkataba wa Wakimbizi. Ng'ambo ya mpaka hapo, Ngara, Tanzania, WomenCraft wanafanya kazi na wanawake wasukaji wa mpakani, wakimbizi wa Burundi wakiwemo. Warundi wanasuka Tanzania, sisi Wakongomani tunasuka Burundi. Ukichora ramani ya vikapu vya eneo hili utachora ramani ya vita. Lakini si kila kikundi kitaingia katika mpango mkubwa wenye ukaguzi na makontena. Kikundi cha watu 15 kinahitaji kiduka kidogo kinachojulikana na ndugu zao waliotawanyika Nairobi, Kampala na Marekani. Kiduka hicho hakihitaji mhandisi.

Hapa niseme la kazi, maana polemiki tupu haiuzi hata ungo. Watu wanadhani duka la intaneti bila kadi ya benki haliwezekani. Linawezekana. WooCommerce inakuja, bila kununua chochote, na njia za malipo za kizamani: hawala ya benki, hundi, na kulipa mzigo ukifika. Njia ya hundi, ambayo nani anaitumia hapa, unaweza kuibadilisha jina ukaiita Lumicash, na katika nafasi ya maelezo ukaandika namba ya chama na agizo kwamba mteja atume ujumbe akishalipa. Oda inakaa katika hali ya kusubiri mpaka mweka hazina aione hela kwenye simu, ndipo anaibadilisha kuwa inashughulikiwa. Mashine haijui kama hela imeingia, anajua mama mweka hazina, na kwetu hilo ni bora. Faranga ya Burundi imo katika orodha ya sarafu za programu hiyo. Mtu akumbuke tu kuweka desimali sifuri, la sivyo bei inatokea na sentimu ambazo hakuna mtu amewahi kuziona. Foto ipunguzwe uzito kwenye simu kabla ya kuipandisha, maana foto moja ya simu za siku hizi inaweza kula bando lote la siku. Na maandalizi yote yanaweza kufanyika bila intaneti kabisa: kuna programu inaitwa XAMPP, nayo ni ya bure, inaigeuza kompyuta kuukuu kuwa hosti yake yenyewe. Mimi najifunza hivyo, kwenye kompyuta isiyo na betri, saa ambazo sola ya jirani inakubali.

Turudi kwenye hoja ya tatu: ukiondoka, nani atalipa? Swali zuri, ila linaulizwa kwa mtu asiyehusika. Hakuna aliyetuuliza sisi. Hakuna aliyetuambia jina la tovuti linalipiwa mwaka hadi mwaka, wala kwamba likiishiwa muda, kama ni la .com, baada ya siku za neema kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu linarudi sokoni na mtu yeyote anaweza kulichukua. Chama chetu kinachangishana kwa mazishi, kinachangishana kwa harusi, kinachangishana mtoto akifaulu. Tungeshindwa kuchangishana kwa duka? Labda tungeshindwa. Lakini tungeshindwa wenyewe, tukijua siku na kiasi, tukiwa tumekaa kikao na kupiga kura kwamba sabuni ni muhimu kuliko domeni. Kushindwa kwa namna hiyo kuna heshima. Kilichotokea ni kwamba mtu alitufilisisha bila kutujulisha kwamba tulikuwa na mali.

Kuna kisa katika historia ya programu yenyewe ambacho ningependa kila afisa wa mradi akijue kabla hajaandika neno huria katika lapoti. WordPress haikuanza na waliojulikana nayo. Ilitanguliwa na programu iliyoitwa b2, iliyoanzishwa 2001 na Mfaransa mmoja, Michel Valdrighi. Ikafika siku akanyamaza, haonekani, kazi imesimama. Wengine wangekuwa wamekwama, kama sisi. Lakini leseni ya b2 ilikuwa GPL, inayoruhusu mtu mwingine kuichukua kazi na kuiendeleza. Kijana Mmarekani, Matt Mullenweg, akaandika hadharani kwamba anataka kuendelea nayo. Mike Little wa Uingereza akamjibu kwamba yuko tayari. Na tarehe 27 Mei 2003 ikatoka WordPress ya kwanza. WooCommerce nayo vilevile: kampuni ya WooThemes, yenye mizizi Cape Town, hapahapa Afrika, ilichukua 2011 duka la watu wengine lililoitwa Jigoshop, ikalijenga upya kwa ruhusa ya leseni. Mwaka 2015 kampuni ya Mullenweg ikalinunua.

Mnaona? Uhai wote wa vitu hivi umetokana na jambo moja, kwamba aliyeondoka hakuweza kuondoka na kazi. Wale walirithi kwa sababu kila kitu kilikuwa mezani. Ukichukua programu iliyozaliwa hivyo, ukaifungia neno la siri moja linalokaa kichwani mwa mtu mwenye mkataba wa miezi 12, umevunja kilichoifanya ifike mikononi mwako. Sheria hujavunja, hapana. Umeandika neno huria halafu ukafanya kinyume chake.

Wala sisi wenyewe sisemi ni wasafi. Tulikaa kimya. Tulipenda posho ya Gitega, tukapenda cheti chenye mhuri, nami nimekibandika ukutani. Hatukuuliza domeni imeandikishwa kwa jina la nani. Mmoja wetu alipewa neno la siri la kompyuta ya kituo, akalifanya mali yake, mpaka watu wanamwendea na soda. Tabia ya kukalia funguo haina paspoti. Chama kikipata ufunguo halafu katibu akaulalia, tutakuwa tumebadilisha shefu tu.

Kwa hiyo wewe unayeandaa mradi mwingine wa tovuti, iwe Kinama, iwe Musasa au Bwagiriza, njoo na masharti yetu kabla ya kuja na kamera. Domeni iandikwe kwa jina la chama na barua pepe ya chama tangu siku ya kwanza; fomu ya .com inauliza jina, anwani, simu na barua pepe, haiulizi uraia. Wawepo wasimamizi wakuu wawili wa kutoka kambini, mmoja awe mwanamke anayesuka. Siku za mafunzo, nusu ziwe za kuweka bidhaa na nusu za kubomoa na kujenga upya: mtu afute tovuti nzima ya mazoezi kisha airudishe kutoka kwenye nakala, mbele ya wenzake, mpaka asitetemeke. Afundishwe pia kuboresha programu-jalizi kwa wakati, kwa sababu ile iliyoachwa miaka ndiyo mlango wa wezi, na siku moja utakuta duka la vikapu linatangaza dawa za nguvu za kiume. Na katika bajeti, mahali palipoandikwa uendelevu, paandikwe tarehe ya kulipa na kiasi kwa faranga.

Ukikataa hayo, sawa, ni pesa yako. Ila usitupigie foto.

Yule mama nilimfuata nyumbani kwake wiki mbili zilizopita nikamwambia ukweli wote. Alinisikiliza huku anaendelea kusuka. Akauliza swali moja: "Ile habari ya bibi yangu unayo?" Nikamwambia ninayo, picha ndiyo haipo. Akasema, "Basi kikapu nitasuka kingine."

Tumeanza upya kwenye kompyuta yangu, bidhaa tisa mpaka sasa, bado hazijapanda hewani. Domeni tutainunua mwezi wa nane kwa muuzaji wa mjini anayepokea Lumicash. Faranga zimo katika sanduku la chama, zimehesabiwa mara mbili mbele ya watu. Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi mbili: moja iko kwa mweka hazina, nyingine iko kwa huyo mama, ndani ya kikapu chenye mfuniko.